Kasumba, Shufaa na Uuguzi: Historia Fupi ya Hofu ya Kutulizwa

Msomaji wa Kiswahili cha leo akikutana na neno kasumba, hukumbuka kwanza kasumba ya kikoloni: fikra iliyopandwa na mtawala ndani ya mtawaliwa, ikamea hata mwenyewe akaidhani ni yake. Maana hiyo ni changa. Kabla ya kuingia katika lugha ya siasa, kasumba lilikuwa jina la afyuni, utomvu mkavu wa mmea wa popi, unaolevya na kulaza. Waandishi na wanasiasa wa miaka ya uhuru walilitwaa jina la kilevi wakalifanya jina la ulevi wa akili. Neno lilihama, lakini halikuacha sifa yake ya kwanza, yaani kwamba kitu hicho hudanganya.

Mofini, dawa ambayo hadi leo ni msingi wa tiba ya maumivu makali ya saratani, hutoka katika utomvu huohuo. Ilitengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner, aliyeihusisha na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale. Kwa hiyo dawa hii iliwafikia wasemaji wa Kiswahili ikiwa na nasaba mbili: katika vitabu vya tiba ni kitulizo, na katika kumbukumbu ya lugha ni ndugu wa kasumba. Sehemu kubwa ya mtazamo wa umma kuhusu tiba shufaa katika Afrika Mashariki inaweza kuelezwa kwa mvutano wa nasaba hizo. Hata hivyo hofu ya dawa haikujizaa yenyewe. Ina wazazi wake katika sheria, katika mpangilio wa hospitali, na katika namna tabibu na jamaa wanavyozungumza, au wanavyonyamaza, kando ya kitanda cha mgonjwa.

Jina na matatizo yake

Tanzania, istilahi iliyoenea katika hospitali ni tiba shufaa au huduma shufaa. Kenya, mara nyingi jambo lilelile huelezwa kwa kirai kirefu zaidi, kama vile huduma ya kutuliza maumivu. Neno shufaa lina asili ya Kiarabu na maana yake ya kwanza ni maombezi: mtu kusimama mbele ya mwenye uwezo kwa niaba ya mwingine aliyeelemewa. Kwa Waislamu wa Pwani neno hili lina heshima kubwa, kwa kuwa linahusishwa na shufaa ya Mtume Siku ya Kiyama. Lakini karibu yake sana kimatamshi lipo neno shifaa, lenye maana ya poza, ambalo katika Kiarabu hutoka kwenye mzizi mwingine kabisa. Jamaa anayeambiwa kwamba mgonjwa wake anahamishiwa kitengo cha tiba shufaa huweza kusikia ahadi ya kupona, na mwingine, kwa kukumbuka Kiyama, akasikia tangazo la mauti. Huduma yenyewe haiahidi la kwanza wala haitangazi la pili.

Kiswahili si lugha ya kwanza kuhangaika na jina hili. Balfour Mount, tabibu wa upasuaji huko Montreal, alipoandaa kitengo cha wagonjwa mahututi kilichofunguliwa mwaka 1975, alilikwepa neno hospisi kwa sababu katika Kifaransa cha mji ule lilinuka makazi ya maskini na wazee waliotupwa. Akachagua neno linalotokana na Kilatini pallium, yaani joho, vazi la kumfunika mtu dhidi ya baridi. Jina hilo likaenea duniani. Shirika la Afya Duniani lilipofafanua upya huduma hiyo mwaka 2002 lilisisitiza mambo mawili ambayo umma wa nchi nyingi bado unayachanganya: kwamba huduma hii haikusudii kuharakisha kifo wala kukiahirisha, na kwamba inafaa kuanza mapema, sambamba na tiba nyingine zinazokusudia kurefusha maisha.

Uuguzi kabla ya hospisi

Ni kosa kudhani kwamba dhana hii ilishuka Pwani kutoka Ulaya ikakuta mahali patupu. Kiswahili kilikuwa na vitenzi viwili vilivyogawana kazi. Kutibu na kuponya ni kazi ya mganga, tabibu au daktari, na matokeo yake hupimwa kwa kupona. Kuuguza ni kazi ya ndugu, jirani na rafiki. Kitenzi hiki kinatokana na kuugua kwa kiambishi cha kusababisha, lakini muuguzi hamsababishii mtu ugonjwa. Huugua naye, humpitisha katika ugonjwa wake hatua kwa hatua. Anayeuguza vizuri husifiwa hata kama mgonjwa amefariki, na sifa hiyo hutajwa matangani. Katika mantiki ya lugha, basi, kifo cha mgonjwa kiliweza kuwa mwisho wa tiba bila kuwa aibu kwa uuguzi.

Desturi za kando ya kitanda zilikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa aliyezidiwa aliitiwa watu wake wakatakana radhi. Madeni yalitajwa, wasia ukatolewa mbele ya mashahidi. Midomo ililowanishwa kwa maji. Kwa Waislamu, Yasini ilisomwa na mgonjwa akalakiniwa shahada. Kwa Wakatoliki, padri aliitwa kwa ajili ya upako. Mambo haya yote yanahitaji vitu viwili: mgonjwa ajue anakoelekea, na akili yake iwe na utulivu wa kutosha kuyashiriki.

Fasihi ya Kiswahili ina ushahidi mashuhuri wa hali hiyo. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858 akiwa mgonjwa, miaka michache kabla ya kufariki. Wasomi wameujadili sana utendi huo kwa mafunzo yake juu ya unyumba na adabu za mke, na mjadala huo una haki yake. Lakini umbo lake ni la wasia: mama anamwita bintiye akae karibu, amweleze kwamba maradhi yamemkaa muda mrefu, kisha amwachie maneno. Katika utendi huohuo mna dua. Mtunzi haoni mgongano kati ya kumwomba Mola na kujiandaa kuondoka. Mambo yote mawili yanakaa katika kinywa kimoja. Ni uwezo huohuo wa kubeba tumaini na maandalizi kwa pamoja ambao wahudumu wa tiba shufaa leo hujaribu kuurejesha kwa wagonjwa wao, mara nyingi wakidhaniwa kuwa wameleta ugeni.

Hospitali ya kikoloni, na ya kitaifa iliyoirithi, ilitenganisha kutibu na kuuguza. Tiba ikawekwa ndani ya kuta, chini ya saa za kutembelea wagonjwa. Ndugu akabaki nje na chakula kwenye kikapu. Jengo la Ocean Road mjini Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na ambalo leo ni makao ya taasisi ya taifa ya saratani, linaonyesha kwa jiwe na chokaa utaratibu huo mpya ulivyoingia. Katika utaratibu huo daktari aliyeishiwa na tiba hakuwa na neno jingine la kusema ila kwamba hakuna la kufanya tena. Mgonjwa akarudishwa nyumbani, na kwa kuwa heshima yote ilikuwa imehamia hospitali, kurudishwa nyumbani kukaeleweka kuwa ni kutupwa.

Mhamiaji aliyeacha pauni 500

Historia ya hospisi ya kisasa husimuliwa kama historia ya Uingereza, lakini inaanza na mgeni. Mwaka 1948, katika hospitali moja ya London, Myahudi kutoka Poland aitwaye David Tasma alikuwa akifa kwa saratani, mbali na kwao na bila jamaa wa karibu. Cicely Saunders, aliyekuwa ameanza kazi kama muuguzi na wakati huo akiwa mtumishi wa ustawi wa wagonjwa, alizoea kumtembelea. Walizungumza juu ya mahali ambapo mtu wa namna yake angeweza kufa kwa utulivu. Tasma alimwachia pauni 500 ili awe dirisha katika nyumba hiyo ambayo haikuwapo bado. Saunders akasomea udaktari, akafuzu akiwa na umri wa karibu miaka 40, na mwaka 1967 akafungua Hospisi ya St Christopher's kusini-mashariki mwa London.

Mchango wake wa kitabibu ulikuwa wa namna mbili. Kwanza, alionyesha kwamba mofini ikitolewa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, mgonjwa hutulia bila kupoteza fahamu zake. Desturi ya hospitali ilikuwa kusubiri mgonjwa alie ndipo apewe, na mgonjwa anayesubiri maumivu huishi akiyaogopa. Pili, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho kwa pamoja: deni lisilolipwa au ndugu asiyesamehewa huweza kumkosesha mtu usingizi sawa na uvimbe. Mwenye kujua desturi ya kutakana radhi hawezi kuona fundisho hili la pili kuwa geni. La kwanza ndilo lililokuwa na jipya kwa Afrika Mashariki, na ndilo lililochelewa kufika.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu ya saratani kwa ngazi, kutoka dawa nyepesi hadi mofini, ikinywewa kwa mdomo na kwa saa. Kwa nchi maskini mwongozo huu ulikuwa na maana kubwa, kwa kuwa mofini ya unga ikichanganywa na maji haihitaji sindano wala wodi, na gharama yake ni ndogo.

Dawa, sheria na kalamu ya muuguzi

Hospisi ya kwanza katika bara la Afrika, Island Hospice, ilianzishwa mwaka 1979 katika mji ambao sasa ni Harare. Nairobi Hospice ilianza kazi mwaka 1990 katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mmoja wa matabibu wake wa mwanzo, Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa amefanya kazi Nigeria na Singapore, alihamia Kampala na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda. Alisisitiza tangu mwanzo kwamba serikali ikubali mofini ya unga iingizwe nchini, maana bila hiyo hospisi ingekuwa nyumba ya maneno mazuri tu. Mofini ilichanganywa na maji na kutiwa rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine, kisha ikapelekwa vijijini katika chupa za kawaida.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa kalamu. Sheria zilizorithiwa ziliruhusu daktari pekee kuandika mofini, ilhali mgonjwa wa kijijini huweza kumaliza maisha yake bila kuonana na daktari. Mwaka 2004 Uganda ilirekebisha kanuni zake ili wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu waweze kuiandika. Uamuzi huo ulikuwa wa kipekee duniani wakati ule. Ulitanguliwa na kuingizwa kwa huduma hii katika mpango wa taifa wa afya, na serikali ikaahidi mofini bila malipo kwa wanaoihitaji. Rwanda ilitangaza sera yake maalumu mwaka 2011. Tanzania, huduma ilikua kupitia Ocean Road, hospitali ya Kilutheri ya Selian mjini Arusha, Muheza na vituo vingine. Kenya, ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2010 iliyohusu watoto wenye maumivu yasiyotibiwa iliifanya hali hiyo kuwa suala la haki za binadamu, na hospitali za umma zikaanza kufungua vitengo.

Si haki kuisahau nguvu nyingine iliyoandaa njia. Katika miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulijaza wodi kupita uwezo wake. Mashirika kama TASO nchini Uganda, lililoanzishwa mwaka 1987, na WAMATA nchini Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1989, yaliupeleka msaada nyumbani. Watu wa kawaida walijifunza kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, kumsafisha, kumsikiliza, kuzungumza juu ya watoto atakaowaacha. Uuguzi wa zamani ulirudi ukiwa na mafunzo. Lakini ulirudi pia na unyanyapaa: kutembelewa na wahudumu wa nyumbani kukawa ishara ya ugonjwa unaofichwa, na kivuli hicho hakijawaondokea wahudumu wa tiba shufaa hata pale mgonjwa anapougua saratani, moyo au figo.

Duara la hofu

Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 unakiri katika utangulizi wake kwamba dawa hizo ni za lazima kwa kutuliza maumivu na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana. Mkataba huohuo unazitaka nchi kuzuia matumizi mabaya. Mataifa mengi yalilitekeleza la pili kwa bidii na kulisahau la kwanza. Matokeo yake yalipimwa na tume ya jarida la Lancet mwaka 2017: katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini kabisa zilipata tani 0.1. Tume hiyo ilikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 61 kwa mwaka hupata mateso makubwa ya kiafya yanayohitaji huduma hii, na zaidi ya asilimia 80 kati yao huishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Uhaba huo umetengeneza elimu ya umma kwa njia yake. Dawa inapokuwa adimu, hutolewa mwishoni kabisa. Inapotolewa mwishoni, mgonjwa hufariki siku chache baadaye. Jamaa wanaoshuhudia huunganisha mambo mawili yaliyofuatana: alipewa mofini, akafa. Habari hiyo hufika kwa jirani ambaye mwaka unaofuata, mama yake akiumwa, huikataa dawa mpaka maumivu yamshinde, nayo hutolewa mwishoni tena. Kwa hiyo hofu ya umma haitokani na ujinga mtupu. Imejengwa juu ya yale watu waliyoyaona kwa macho yao, katika mfumo uliowaonyesha sehemu moja tu ya ukweli. Mahubiri ya kuwataka wananchi waelimike hayatavunja duara hili ikiwa hawapati kumwona mtu aliyekunywa mofini kwa miezi, akatembea, akahudhuria arusi ya mwanawe.

Hofu ya kidini nayo yafaa isikilizwe kwa makini. Muislamu anayeogopa mofini mara nyingi haogopi kufa. Anaogopa kufa akiwa amelewa, asiweze kutamka shahada. Kanuni ya kifikihi kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa inajulikana, lakini haijibu wasiwasi huo wote; kinachoujibu ni tofauti kati ya kipimo kinacholaza na kipimo kinachotuliza. Mtu anayepiga kelele kwa maumivu hana utulivu wa dua pia. Upande wa Wakatoliki, Papa Pius XII alizungumza na madaktari mwaka 1957 akaruhusu dawa za kutuliza maumivu hata pale zinapoweza kufupisha maisha, mradi kusudi liwe kutuliza. Viongozi wa dini waliomo mitaani na vijijini wangeweza kuyaeleza haya vizuri kuliko mabango ya wizara, kwa kuwa wao ndio wanaoitwa usiku.

Dhana ya tatu ni kwamba kukubali huduma hii ni kukata tamaa. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopata tiba shufaa mapema, pamoja na tiba ya saratani, waliishi wastani wa miezi 11.6, waliopata tiba ya kawaida peke yake waliishi miezi 8.9. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, lakini unatosha kuonyesha kwamba kutulizwa na kuishi si maadui.

Mbali na nyumbani

Kwa wasemaji wa Kiswahili walio ughaibuni, tatizo huchukua sura nyingine. Nchini Marekani, malipo ya hospisi yaliyoanzishwa chini ya Medicare mwaka 1982 yalidai daktari athibitishe kwamba mgonjwa ana miezi sita au pungufu, na mgonjwa aache tiba za kuponya ugonjwa huo. Hapo sheria yenyewe imefunga mlango kati ya tumaini na kitulizo, na mhamiaji anayeelezwa masharti hayo ana sababu ya kushtuka. Uingereza, hospisi nyingi hutoa huduma bila malipo na hupokea wagonjwa walio bado kwenye tiba nyingine, lakini majina yao ya watakatifu huwafanya baadhi ya Waislamu kudhani kwamba hapo si mahali pao. Mtu akitoka mji mmoja kwenda mwingine hubeba maana ya neno aliyojifunza kule, ndipo jamaa wa Minneapolis na wa Muscat wanapogombana kwa simu juu ya mama mmoja aliyelazwa Mombasa, kila mmoja akilitumia neno hospisi kwa maana yake.

Umbali huongeza jambo jingine. Aliye mbali hawezi kuuguza kwa mikono, hivyo huuguza kwa fedha. Ni wepesi zaidi kuchangia tiketi na upasuaji wa mwisho katika nchi ya tatu kuliko kuuliza kama mgonjwa amelala jana usiku. Upendo wa namna hiyo hauna unafiki, lakini aghalabu hukamilisha kile ambacho hospitali ya kikoloni ilikianza, yaani kuamini kwamba heshima yote imo katika tiba na uuguzi ni mabaki yake. Wakati huohuo mtoto wa miaka 14 aliyezaliwa ughaibuni hugeuzwa mkalimani, akatakiwa amweleze bibi yake kwa Kiswahili maneno ambayo hajawahi kuyasikia katika lugha hiyo. Huamua mwenyewe, bila kushauriwa na mtu, aseme nini na afiche nini.

Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hii kwa kawaida humlenga mgonjwa anayeficha. Katika nyumba nyingi leo, wanaoficha ni wenye afya, na anayefichwa ni mgonjwa. Hoja yao ni kumhurumia. Lakini mtu asiyeambiwa hawezi kutoa wasia, hawezi kutaka radhi, hawezi kuchagua baina ya ndege na kitanda chake. Anaondolewa kazi ya mwisho ambayo desturi yake mwenyewe ilimwachia, kazi ambayo Mwana Kupona aliifanya akiwa kitandani huko Lamu.

Wanaoandika kwa Kiswahili wana sehemu yao katika hili. Istilahi zinahitaji kuelezwa, si kutungwa tu: shufaa iwekwe wazi mbali na shifaa, mofini ielezwe bila kufichwa nasaba yake na kasumba, na kitenzi kuuguza kirudishiwe hadhi katika vitabu vya mafunzo ya tiba. Tamthilia, riwaya na mahubiri vimekuwa vikisimulia kifo cha ghafla na kifo cha kishujaa. Kifo cha polepole cha mtu aliyetulizwa vizuri, akiwa na watu wake na akili yake, bado hakijapata wasimulizi wa kutosha, na pasipo masimulizi hayo jamaa atakayeulizwa kesho na daktari ataendelea kujibu kwa yale aliyoyaona kwa jirani.